Shuka Lisilokauka

Jumamosi, 18 Machi

Baba ameletwa leo. Mvua nazo zimeanza leo, utadhani wamepanda gari moja.

Kaka aliegesha pikapu yake mlangoni, tukampandisha Baba ngazi, mmoja kulia mwingine kushoto. Kila tulipompumzisha alikuwa anakagua ukuta. "Nani kapiga lipu hii?" akauliza. Nikasema simjui. "Bora usimjue," akasema, tukaendelea kupanda.

Kiharusi kilimpiga mwezi uliopita. Kimemwachia mguu unaoburuzika, mdomo uliopinda kidogo, na mkono wa kulia uliolala. Afadhali kingechukua chochote kingine, si mkono ule. Ndio uliompa jina. Mafundi wenzake wanamwita Kioo, kwa sababu walikuwa wakisema ukuta uliopigwa lipu na Baba, mtu anaweza kusimama mbele yake akanyoa ndevu.

Mpango ni huu. Kaka anamjengea chumba uani kwake, mbali na hapa, chumba kisicho na ngazi. Kinapojengwa, Baba anakaa kwangu. Mvua zikiisha Kaka atarudi na pikapu, abebe vitu viwili kwa mpigo: Baba, na picha kubwa ninayokitengenezea kituo cha uzazi kilichoko njiani. Picha ile haiingii kwenye gari dogo. Kwa hiyo siku picha itakapokuwa tayari ndiyo siku ya Baba kuondoka.

"Safari moja, mizigo miwili," Baba akasema, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mimi sikucheka. Kule hospitali, Kaka alipouliza nani atamchukua Baba, mimi niliwahi kujibu hata kabla hajamaliza kuuliza: "Mimi naweza mpaka mvua ziishe. Zaidi ya hapo siwezi, nina kazi." Baba alikuwa kitandani amefumba macho. Tulidhani amelala.

Jumatatu, 20 Machi

Chumba changu nimempa Baba. Mimi nimehamia kwenye kochi la sebuleni. Chumba cha tatu ni karakana, na huko sihamishi kitu hata kwa mtutu.

Leo Baba ameingia humo na fimbo yake, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii. Nikamwonyesha. Natandaza turubai juu ya fremu ya mbao. Nailaza mezani. Naipaka jasi niliyoichanganya na gundi, safu juu ya safu, naikwangua, naibonyeza, naichonga, mpaka picha inainuka na kuwa na vivuli vyake yenyewe. Rangi inakuja mwisho kabisa, nyepesi kama chai ya mgonjwa.

"Na hii itakuwa nini?"

"Shuka, Baba."

"Shuka?"

Ikabidi nimweleze habari za Mkunga Mkuu, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye aliniagiza hivi: "Sikiliza, mdogo wangu. Sitaki mtoto. Sitaki titi. Sitaki ua. Kila anayetuletea picha anatuletea mtoto ananyonya. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu anajua kilichomleta. Mpe kitu cha kutazama mpaka uchungu umwachie." Nikafikiri siku nyingi, nikaona shuka. Shuka jeupe la asubuhi, mtu ameshaamka, limebaki na mikunjo yake. Mikunjo ya jasi, inayopanda na kushuka, mikubwa kama mkono wa mtu.

Baba akaitazama michoro yangu kwa muda mrefu.

"Mimi nimemaliza maisha yangu nikiondoa mikunjo," akasema. "Wewe unaiweka."

Nilipandwa na hasira, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alhamisi, 23 Machi

Mvua. Ndoo mbili chini ya paa la jikoni.

Jumamosi, 25 Machi

Amekuja dada wa mazoezi ya viungo. Ni binti mwembamba, lakini anavyomwamrisha Baba kunyanyua, kushusha, kukunja na kukunjua, Baba amembatiza Kamanda mbele yake. Binti amefurahi kama aliyepandishwa cheo.

Kamanda anataka Baba awe anaminya mpira. Mpira hatuna. Nikachota bonge la jasi mbichi, nikamwekea kiganjani. Akaminya. Vidole vimeacha alama hafifu sana, kama ndege amekanyaga. Nikaliweka bonge dirishani likauke.

"Kila wiki minya moja," Kamanda akasema. "Tutaona mkono unavyorudi. Ukiweza kushika kikombe kilichojaa, mzee, huna haja ya mimi. Hata safari unaweza."

Baba akasema ahsante. Hakuonekana kama mtu aliyeahidiwa kitu kizuri.

Jumatano, 29 Machi

Nimeweka mkunjo wa kwanza mkubwa, ule wa kona ya juu kushoto, unaoanzia pale kichwa cha mtu kilipolala. Nimeukata kwa kisu bapa, nikaulainisha mgongo wake kwa kijiko kilicholowa, nikauchimba ubavuni ili kivuli kikae. Mgongo unauma, lakini mkunjo umekubali. Taa nikiiweka ubavuni, unaapa ni kitambaa.

Baba alikuwa mlangoni. Nikasubiri neno.

"Imeshika?" akauliza.

Nikaibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama. "Bado."

"Haya. Tusiiharakishe."

Jumamosi, 1 Aprili

"Imeshika?" "Bado." Kamanda kafika, bonge la pili. Alama za vidole zimezama zaidi. Mvua.

Alhamisi, 6 Aprili

Lazima niandike kuhusu mwiko.

Mchana nilikuwa karakana, Baba akaniita kutoka jikoni: "Mama, niletee mwiko!" Mwenzenu nikasisimka. Nikajiambia, leo anataka kujaribu mkono. Nikafungua sanduku lake la kazi alilokuja nalo, ambalo tangu afike hakuwa ameligusa, nikatoa mwiko wa lipu, ule wa mpini uliochongeka kwa kiganja chake, nikaufuta kwa gauni langu, nikakimbia nao jikoni kama nabeba kombe.

Baba alikuwa amesimama mbele ya sufuria. "Sasa mboga hii niikoroge kwa huo?" akasema. "Inaungua, mama."

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Mboga iliungua kweli. Tukaila hivyo hivyo, na Baba kila tonge anasema fundi gani huyu wa chakula, aitwe tena.

Nilikuwa nimesahau kwamba Baba anachekesha. Nilipokuwa mdogo alikuwa anatoka alfajiri na kurudi akiwa mweupe kwa vumbi, amechoka, na nyumbani tuliongea kwa minong'ono ili asisumbuke. Nimekulia nyumba moja na mtu ambaye simjui vizuri. Sasa asubuhi nikisikia fimbo yake, tok, tok, inakuja kuuliza swali lake, natengeneza uso nisionekane nilikuwa nasubiri.

"Imeshika?"

"Bado, Baba."

Jumapili, 9 Aprili

Amenikunjia nguo zote zilizokauka, kwa mkono wa kushoto na kidevu. Kingo zimenyooka kuliko za kwangu. Nikamwambia. Akasema, "Mazoea."

Jumatatu, 10 Aprili

Kaka kapiga simu. Chumba kimeezekwa, kuta zimesimama, wifi ameshashona pazia. "Bado lipu na sakafu. Picha yako vipi, kitindamimba?"

"Bado haijashika."

"Mvua?"

"Mvua," nikasema.

Ndivyo ninavyoamini. Mikunjo yote nimeshaimaliza, na jasi yangu kwa kawaida, hata masika, haivuki wiki moja. Hii imepitisha. Kila jioni naiacha imeanza kuwa ngumu kwa juu, asubuhi naikuta laini. Nimebadilisha gundi. Nimeweka jiko la mkaa karibu na dirisha wazi mchana kutwa. Nimewasha feni. Nimekilaani kiwanda kilichofunga mfuko ule wa jasi, Mungu anisamehe.

Baba ananifariji. "Jasi ina siku zake," anasema. "Usiigombeze."

Ijumaa, 14 Aprili

Kamanda kaja na kaondoka hana raha. Bonge la leo lina alama ndogo kuliko la wiki iliyopita. Aliyapanga mabonge yote mezani, akayatazama moja moja. "Mkono ulikuwa unarudi vizuri. Sasa unarudi nyuma. Siipendi hii. Wiki ijayo ikiwa hivi, ni lazima daktari amwone tena."

Nilimsindikiza mpaka chini. Nikarudi nikakaa kwenye ngazi, nikalia kidogo, nikajifuta, nikapanda. Baba alikuwa anatazama mvua.

"Kamanda kasemaje?"

"Kasema unaendelea vizuri."

"Muongo," akasema, lakini kwa upole.

Jumapili, 16 Aprili

Nilikuwa napangusa dirisha. Nikaliinua bonge la juzi ili nipanguse chini yake, nikataka kulirudisha, nikabaki nalo mkononi.

Limekauka. Gumu kama jiwe.

Jasi ile ile, nimeichota kwenye ndoo ile ile. Nyumba ile ile, mvua zile zile. Bonge ni nene kuliko mkunjo wowote wa picha yangu, nalo limekauka kwa siku mbili. Nikaenda karakana. Nikabonyeza. Kidole kikazama.

Chini ya meza sakafu ina alama ya maji yaliyokauka. Paa la karakana halivuji.

Jumatatu, 17 Aprili

Nimejua.

Asubuhi niliamka mapema, kukiwa na weupe kidogo dirishani, nikasikia fimbo ikienda karakana taratibu sana, tok na kimya, tok na kimya. Nikanyanyuka kwenye kochi, nikachungulia kwenye upenyo wa mlango.

Baba alikuwa ameinama juu ya picha yangu. Pembeni ameweka bakuli la maji. Ameshika sponji langu kubwa, anainyeshea jasi, sehemu baada ya sehemu, kwa mpango, bila kuruka mahali, akiminya maji yadondoke polepole kwenye kila bonde la shuka. Alivyokuwa makini, ungesema anaosha mtoto.

Nikafungua mdomo nipige kelele. Nikakumbuka: Baba ni fundi wa saruji. Lipu ya saruji inanyweshwa maji kila siku isipasuke. Maskini, amesahau hii si saruji, anadhani ananisaidia. Nikashika kitasa.

Ndipo nikaona mkono. Sponji alikuwa amelishika kwa mkono wa kulia. Alilijaza maji, akalinyanyua, akaliminya mpaka tone la mwisho. Mkono unaoshika namna ile unashika kikombe kilichojaa. Unashika mwiko. Ijumaa tu mkono huo huo ulikuwa umeacha alama za ndege kwenye bonge la Kamanda.

Niliachia kitasa. Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole, nikaingia jikoni, nikagonganisha sufuria kwa makusudi, nikakohoa kama mzee wa kikao. Nikasikia fimbo inarudi haraka kuliko ilivyokwenda.

Baada ya muda akatokea, amevaa kofia yake, uso msafi kama wa malaika.

"Imeshika?"

Nilimtazama. Mkono wa kulia alikuwa ameuning'iniza kama kitu cha mtu mwingine.

"Bado, Baba," nikasema.

Jumanne, 18 Aprili

Bado.

Jumatano, 19 Aprili

Bado. Nimemnunulia Baba soksi, sakafu ya karakana ina baridi alfajiri.

Ijumaa, 21 Aprili

Kamanda kaja. Kabla hajasema habari za daktari nimemvuta jikoni, nikamnong'oneza. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akatoka, akamwekea Baba bonge kiganjani, Baba akaliminya kwa udhaifu wa kusikitisha.

"Pole pole, mzee," Kamanda akasema. "Hatuna haraka."

Sijui kwa nini simwambii Baba kitu. Najua nikisema, itabidi tuseme na mengine. Na mimi sijawahi kuzungumza na Baba habari isiyokuwa na kazi ndani yake.

Jumanne, 25 Aprili

Nimeketi kwenye kochi, mikono yangu ina jasi mpaka kwenye viwiko, na nikiacha kuandika leo nitajidanganya kesho.

Asubuhi Mkunga Mkuu kapiga simu. Wodi mpya inafunguliwa wiki ya kwanza ya Mei. "Nimewaambia akina mama kuna kitu kinakuja. Usiniaibishe, mdogo wangu." Nikamwambia kitafika. Nilipoweka simu nikaingiwa na hofu ya kweli, kwa sababu nilikuwa nimecheza na kazi ya watu. Nikaamua niinyanyue picha, niisimamishe ukutani, upepo upite mbele na nyuma.

Niliishika fremu pande mbili. Ilikuwa nzito kuliko inavyopaswa, imelewa maji. Nikainyanyua. Kona ya juu kushoto ikavuta pumzi. Mkunjo wangu wa kwanza, ule mkubwa, ule wa kichwa kilipolala, ukaachia turubai kwa taratibu ya kutesa, ukateleza, ukaanguka sakafuni, pwaa. Ukarukia miguu yangu. Turubai ikabaki wazi kama kidonda.

Nililia kwa sauti. Nilipogeuka Baba alikuwa mlangoni, bila fimbo.

Hapo ndipo nilipomgombeza baba yangu. Sijawahi. "Baba! Jasi hainyweshwi maji! Saruji ndiyo inanyweshwa! Jasi ukiinywesha inaoza!"

"Najua," akasema.

Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Nikasubiri aseme hakujua, kasahau, uzee, ugonjwa. Nilikuwa tayari kumkubalia lolote kati ya hayo.

"Nimepiga jasi kwenye dari za watu kabla hujajua kushika kalamu," akasema. "Najua, mama."

"Sasa kwa nini?"

Akaja taratibu, akiburuza mguu. Akaketi kwenye kiti changu cha kazi. Akautazama ule uchafu sakafuni.

"Ulisema mpaka mvua ziishe."

Sikuwa na pa kuweka uso.

"Ulikuwa macho," nikasema.

"Nilikuwa macho." Akakunja kiganja cha kulia, akakikunjua, hakuficha tena. "Kaka yako akasema picha ikiwa tayari anakuja. Nikafikiri, mvua siwezi kuzizuia. Jasi naweza." Akatikisa kichwa. "Nilitaka siku chache tu. Kila asubuhi nasema, hii ya leo ndiyo ya mwisho. Halafu unanipa chai, unanisimulia picha yako, nasema basi na kesho. Nimekuharibia kazi. Fundi mzima. Ningesikia mtu kamfanyia mtu hivyo, ningesema anyang'anywe mwiko."

Nilipiga magoti kwenye jasi ile ile iliyoanguka. Nikamwambia nilimwona. Nikamwambia tangu Jumatatu ya wiki iliyopita nimekuwa nikigonganisha sufuria ili apate muda wa kurudi chumbani. Akanikodolea macho.

"Kumbe zile sufuria!"

"Zile sufuria."

"Na soksi?"

"Na soksi."

Akaanza kucheka, mimi nikaanza kulia, kisha tukabadilishana. Nikamwambia maneno ambayo niliyabeba kooni wiki nzima: "Baba, usiende. Kaa hapa. Nilisema nina kazi kwa sababu niliogopa. Sikujua kukaa na wewe kukoje. Sasa najua. Nakupenda, na nataka ukae."

Alinishika kichwa. Kwa mkono wa kulia, mzito bado, na wa moto.

"Kaka yako amejenga," akasema mwisho. "Mtoto akikujengea chumba, unaanzaje kumwambia hukitaki? Nitakwenda, mama. Lakini kwanza tuiponye hii. Chota jasi. Iwe nzito. Gundi usiizidishe."

Alhamisi, 27 Aprili

Siku mbili tumeilaza, tumeikausha, tumekwangua sehemu zote zilizolegea. Leo tumeurudisha mkunjo wa kona. Mimi nilitaka niutengeneze mwenyewe, yeye akasema mkono wake una deni na kona ile. Nilimletea mwiko. Wa lipu. Akaupokea bila mzaha, akauzungusha kiganjani mpaka mpini ukapata mahali pake.

Ilimchukua asubuhi nzima. Mkono ulikuwa unachoka, unateremka, anausubiri, anaupandisha tena. Mkunjo wangu wa zamani ulikuwa mzuri kuliko huu, nitakuwa mkweli. Ulikuwa umetulia. Huu una mahali unapokatika na kuanza upya. Nilimwuliza kama anataka nimlainishie.

Akautazama kwa jicho la ufundi. Nilijua analiona kila kosa, na kwamba maisha yake yote asingeruhusu ukuta uondoke hivyo.

"Uliniambia huyo mwanamke anasubiri uchungu umwachie," akasema.

"Ndiyo."

"Uchungu haunyooki. Uache."

Jumamosi, 29 Aprili

Mvua imepungua. Kamanda kaja, Baba kashika kikombe kilichojaa mbele yake, kakinywa chote, kakirudisha juu ya sahani. Kamanda kasimama kapiga saluti.

Jumanne, 2 Mei

"Imeshika?"

Nimebonyeza. Kidole hakikuzama. Nilitaka kusema bado. Ulimi ulikuwa tayari.

"Imeshika, Baba."

"Vizuri," akasema. Akaenda chumbani kupanga nguo zake kwenye begi. Nimempigia Kaka simu. Leo nimepaka rangi, maji meupe yenye bluu kidogo kwenye mabonde, na sikuona vizuri nilichokuwa nafanya.

Ijumaa, 5 Mei

Kaka amefika saa nne asubuhi, amejawa na habari za chumba. Ameweka dirisha kubwa. Wifi ametundika pazia. Lipu imekamilika Jumapili iliyopita. Hapo kwenye lipu nikamwona Baba anasikiliza vizuri kuliko alivyosikiliza habari za dirisha.

Kaka akaingia karakana, akasimama mbele ya shuka. Kaka si mtu wa picha. Akanyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena, akapitisha kidole juu ya kona ya kushoto.

"Hapa kama mtu anapumua kwa shida," akasema.

"Hapo nimepiga mimi," Baba akasema.

Kaka akageuka. Akautazama mkono wa kulia wa Baba, uliokuwa umeshika mpini wa begi.

Tukaishusha picha ngazi kwa ngazi, mimi na Kaka, Baba juu akitoa amri kama Kamanda. Tukaifunga kwenye pikapu kwa kamba na mablanketi. Jua lilikuwa limetoka, la kwanza la maana kwa muda mrefu. Kaka akapanda tena kumchukua Baba. Nikamfuata.

Baba alikuwa ameketi kwenye kochi langu, begi miguuni.

"Haya, Baba," Kaka akasema. "Picha imeshika, imepakiwa. Tuondoke?"

"Picha imeshika," Baba akasema. Akanitazama mimi, kisha yeye. "Mimi bado."

Kaka hakuelewa. "Bado nini?"

"Hiyo lipu ya chumba changu. Umesema Jumapili iliyopita. Umeinywesha maji?"

"Baba, lipu?"

"Saruji mpya inanyweshwa, baba. Asubuhi na jioni. Umeinywesha?"

Kaka akakuna kichwa. Alikulia nyumba moja na mimi, alijua jibu lilivyopaswa kuwa. "Hapana, Baba. Nimesahau."

"Basi mimi, Kioo, siwezi kulala kwenye lipu isiyonyweshwa. Watu watanicheka." Akalisogeza begi nyuma ya miguu yake. "Kainyweshe. Nitakuja kuikagua. Nikiridhika nitakaa siku kadhaa. Chumba kizuri hicho, usimpangishe mtu."

Kaka akanigeukia. Nilidhani amekasirika, lakini alikuwa anatafuta mahali pa kutazama pasipokuwa na machozi.

"Inanyweshwa kwa muda gani, Baba?"

"Inategemea lipu."

"Na wewe, kitindamimba? Wewe ndiye uliyesema una kazi."

"Nina kazi," nikasema. "Nahitaji fundi."

Kaka akaketi kwenye mkono wa kochi, karibu na Baba, akaweka paji la uso begani mwake kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Wakakaa hivyo. Kisha akasimama, akajifuta kwa mkono wa shati, akasema atapeleka shuka lile kabla Mkunga Mkuu hajamfuata njiani, na kwamba akifika nyumbani atatafuta ndoo.

Jumamosi, 20 Mei

Jua. Ndoo za jikoni nimezirudisha chooni. Mkunga Mkuu kapiga simu tena: akina mama wanaichakaza kona ya kushoto kwa kuishika. Aliuliza kama aiwekee kizuizi. Nimemwambia aache waishike.

Kaka kapiga. Ananywesha asubuhi na jioni, wifi anamcheka.

Karakana ni tupu, sijaanza picha nyingine. Meza kavu, mfuko wa jasi umefungwa. Hata hivyo asubuhi nimesikia fimbo, tok, tok, na Baba kasimama mlangoni na kofia yake, kaitazama meza isiyokuwa na kitu.

"Imeshika?"

Nikaibonyeza meza kwa kidole gumba, taratibu, kama inavyotakiwa.

"Bado, Baba," nikasema, nikaenda kuweka maji ya chai.